Kutoka Ribe hata Mbulu: Habari za Kanisa Dogo la Shamba, Majengo Yake na Lugha Yake

Katika nyanda za juu za Mbulu, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, wakaa Wairaqw, ambao lugha yao si ya Kibantu bali ni ya jamii ya Kikushi. Nyumbani, shambani na katika kuchunga ng'ombe husemwa Kiiraqw. Lakini siku ya Jumapili, watu hao hao wakiisha kuingia katika kanisa dogo la kijiji, Kiswahili ndicho kiwapokeacho: masomo ni ya Kiswahili, na nyimbo zilizo nyingi ni za Kiswahili, ijapokuwa Kiiraqw nacho husikika. Bahari iko mbali, na Waswahili wa asili hawakupata kuwa wengi katika nchi ile. Basi imekuwaje lugha ya pwani ikawa lugha ya nyumba ya sala milimani?

Jibu litolewalo mara nyingi ni kwamba serikali na shule ndizo zilizokieneza Kiswahili. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, kwa kuwa kanisa la shamba lilikabiliwa na swali la lugha kabla shule za serikali hazijaenea. Yafaa kurudi nyuma, hata mahali ambapo swali hilo lilianza kuulizwa, yaani vilima vya nyuma ya Mombasa katika karne ya 19. Pale tutaangalia kanisa moja dogo, la Wamethodisti wa Ribe. Neno tunalotaka kulithibitisha ni hili: lugha ya kanisa la shamba haikuamuliwa na wenye nchi peke yao, wala na wajenzi peke yao, bali na watu waliokuja kuketi ndani ya majengo yake. Tukiisha kuliona hilo Ribe, tutarudi Mbulu kulipima.

1. Jina la nyumba

Kabla ya kuzitaja kuta, tulitazame jina. Wareno walianza kujenga ngome yao ya Mombasa mwaka wa 1593, na watawa wao wa Shirika la Mtakatifu Augustino wakawa na makao katika mji huo. Ngome ilitekwa na watu wa Omani mwaka wa 1698. Katika muda wote huo wa karne moja na zaidi, ukristo wa Kireno haukuacha jamii ya waumini wenyeji iliyodumu, lakini uliacha maneno. Neno padre lilibaki na maana yake. Neno la Kireno la kanisa, igreja, lilipatwa na mambo mengine: wanachuoni walio wengi husema kwamba ndilo asili ya neno letu gereza. Mageuzi hayo ya maana huelezwa kwa majengo yenyewe, kwa kuwa ngome zilikuwa na makanisa ndani yake, na baadaye majengo ya namna hiyo yalitumiwa kufungia watu. Hivyo nyumba ya sala ya mgeni ikawa, katika kinywa cha mwenyeji, nyumba ya kufungwa.

Wamisionari wa karne ya 19 hawakulifufua neno la Kireno. Jina lililoshika ni kanisa, lililotoka katika Kiarabu, na pamoja nalo yakawapo maneno mengine ya asili hiyo hiyo, kama madhabahu na mimbari. Jambo hili lastahili kuangaliwa. Kanisa la pwani lilijengwa kwa maneno ambayo masikio ya Waislamu wa Mombasa yangeyatambua. Mimbari ya msikitini na mimbari ya kanisani ni neno moja; kilichotofautiana ni maneno yaliyosemwa juu yake.

Palikuwa na jina jingine ambalo lingeweza kutumika. Waribe, kama wenzao wa Mijikenda, walikuwa na kaya yao msituni, na katikati ya kaya palikuwa na moro, nyumba ya makuti ambamo wazee walikutana kufanya mashauri. Katika ardhi ya kaya lilizikwa fingo, kinga ya mahali pale. Kwa hiyo watu wa Ribe hawakuwa wageni wa fikira ya nyumba moja ikusanyayo watu wote. Lakini nyumba ya wamisionari haikuitwa moro. Moro ulikuwa wa wazee wa ukoo na wa rika, nao haukuwa mahali pa kila ajaye. Nyumba mpya ilipewa jina jipya, na jina hilo peke yake lilionyesha kwamba haikuwa mali ya kaya.

2. Wajenzi waliotazama kwingine

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyetumwa na chama cha misioni cha Kanglikana cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka wa 1844, na katika mwaka huo huo mkewe na mtoto wao mchanga wakafa. Mwaka wa 1846, pamoja na Johannes Rebmann, alianzisha kituo cha Rabai. Wasomaji wa jarida la namna hii hawahitaji kuelezwa kazi yake katika lugha: muhtasari wa sarufi ya Kiswahili na msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, vyote viwili vya mwaka wa 1850, kisha kamusi kubwa iliyotolewa London mwaka wa 1882, baada ya kifo chake.

Krapf alirudi Ulaya mwaka wa 1853, na habari za safari zake zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1858 na kwa Kiingereza mwaka wa 1860. Kitabu hicho kilisomwa na Charles Cheetham, mmoja wa viongozi wa kundi la Wamethodisti wa Uingereza lililoitwa Makanisa Huru ya Kimethodisti yaliyoungana. Kundi hilo lilikuwa changa. Lilikuwa limeundwa mwaka wa 1857 na watu waliojitenga na utawala wa Wamethodisti wa Wesley, wakitaka makanisa ya mahali yawe na sauti zaidi katika mambo yake. Nalo lilitafuta shamba la misioni lisilokuwa na mtu. Krapf akawashauri waende Afrika ya Mashariki, hasa kwa Waoromo, ambao siku hizo waliitwa Wagalla. Alikuwa na imani kubwa, tena ya miaka mingi, kwamba Waoromo wakiupokea ukristo, sehemu kubwa ya Afrika itafuata.

Krapf mwenyewe alikubali kuwaongoza. Mwanzo wa mwaka wa 1862 walifika Zanzibar: Krapf, Waingereza wawili, Thomas Wakefield na James Woolner, na vijana wawili wa Uswisi. Mwaka haukwisha ila kundi lilikuwa limevunjika. Woolner aliugua akarudi. Waswisi nao waliiacha kazi. Krapf, afya yake ikiwa imeharibika, akarejea Ulaya. Akabaki Wakefield peke yake katika kilima cha Ribe, kaskazini magharibi ya Mombasa, hata Charles New alipowasili mwaka wa 1863.

Hapa ndipo lilipo jambo la kwanza la hoja yetu. Kituo cha Ribe hakikujengwa kwa sababu ya Waribe. Kilikuwa mahali pa kupumzikia njiani, na macho ya wajenzi wake yalielekea kaskazini, kwa Waoromo wa Tana. Wakefield alijifunza Kioromo kwa bidii na akakiandikia. Safari zake za kwenda huko alizieleza katika kitabu cha mwaka wa 1866, lakini kituo chenyewe katika nchi ya Tana, huko Golbanti, hakikupatikana mpaka mwaka wa 1885, zaidi ya miaka ishirini baada ya Ribe. Hata hicho hakikukaa salama: mwaka wa 1886 John Houghton na mkewe, pamoja na watu wengine wa kituo, waliuawa na Wamasai. New naye alitazama magharibi. Mwaka wa 1871 aliupanda Kilimanjaro hata akaifikia theluji, na mwaka wa 1875, akirudi kutoka safari yake ya pili ya Uchaga, alikufa njiani kabla hajafika nyumbani.

Nyumba ya Ribe ilikuwa pia mahali pa kuandikia njia za watu wengine. Mwaka wa 1870 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilichapisha maelezo ya Wakefield juu ya njia za misafara ya kutoka pwani kwenda bara. Maelezo hayo hakuyapata kwa kutembea mwenyewe, bali kwa kusimuliwa na Sadi bin Ahedi, mtu wa misafara aliyezijua njia hizo. Basi, mwenye nyumba alikuwa mgeni, na elimu iliyoandikwa ndani yake ilikuwa ya msafiri mwingine. Waribe walikuwa jirani.

3. Miti, udongo na makuti

Majengo ya vituo vya shamba vya siku zile yaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka namna nyumba ya pwani inavyojengwa. Nguzo husimikwa, fito hufungwa kukingama, udongo hukandikwa katikati, na paa huezekwa kwa makuti. Nyumba ya namna hiyo haina umri mrefu kama haitunzwi. Mchwa hula nguzo kutoka chini, mvua ya masika huosha ukuta uliokosa upenu wa kutosha, na makuti huoza hata yakahitaji kubadilishwa. Kwa hiyo kanisa la miti na udongo si kitu kilichojengwa mara moja. Ni kazi isiyokwisha. Kila baada ya miaka michache watu hukata fito, hukanda udongo na kushona makuti upya. Anayetaka kujua kama kanisa la shamba lina waumini, na asitazame daftari peke yake, bali aangalie paa baada ya masika.

Jengo la mawe na chokaa lahitaji mambo mengine: fundi, tanuri la chokaa na fedha. Pwani palikuwa na ufundi huo tangu kale, nao ulitumika katika misikiti na nyumba za mjini. Jengo la mawe shambani lilikuwa tangazo kwamba wenye kituo wamekusudia kukaa. Kisha yakaja mabati, ambayo yaliondoa taabu ya kuezeka kila mara, lakini yakaleta taabu yake mwenyewe: joto la mchana, na kelele ya mvua inayomnyamazisha mhubiri. Kila aliyepata kusali chini ya bati wakati wa masika ajua kwamba mvua ikianza, mahubiri husimama na watu huimba.

Umbo la nyumba ya Kimethodisti nalo lina maana. Wamethodisti hawakuhitaji jengo kubwa ili wawe kanisa. Tangu siku za John Wesley katika karne ya 18, mpango wao ulisimama juu ya madarasa madogo ya waumini na juu ya wahubiri wa mahali, watu wasio makasisi walioruhusiwa kuhubiri. Kwa mpango huo chumba kimoja chenye mimbari na mabao ya kukalia chatosha. Faida yake ni kwamba kanisa laweza kuendelea hata mchungaji akifa au akiondoka, na katika Ribe vifo havikukawia. Rebecca, mke wa Wakefield, aliyefika mwaka wa 1870, alikufa mwaka wa 1873. Katika kituo cha namna hii makaburi yalikuwa sehemu ya majengo, na mara nyingine yalidumu kuliko nyumba.

4. Waliokuja kukimbilia

Waribe wenyewe hawakufanya haraka kuingia. Walikuwa na kaya, wazee, na jina lao la Mulungu, nao hawakuona kwa nini waache. Hali ilikuwa hiyo hiyo Rabai kwa miaka mingi. Lau vituo hivi vingalingoja wenyeji peke yao, vingalibaki nyumba za Wazungu wachache na watumishi wao.

Waliovijaza ni watu wa namna nyingine. Mashamba ya pwani, kutoka Mombasa hata Malindi, yalilimwa na watumwa, ambao wengi wao walikuwa wameletwa kutoka kusini, nchi za Wanyasa, Wayao, Wamakua na wengineo. Kadiri vituo vya misioni vilivyojulikana, watumwa walitoroka wakakimbilia huko, Rabai kwa Waanglikana, na Ribe na Jomvu kwa Wamethodisti. Mwaka wa 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa, na biashara ya watumwa kwa bahari ikapigwa marufuku. Lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado ni halali pwani, na mwenye mtumwa aliyetoroka alikuwa na haki ya kumdai. Hivyo mmisionari aliyempokea mtoro aliingia katika ugomvi na wenye mashamba, tena na serikali yake mwenyewe, ambayo haikutaka fitina na Sultani.

Katika miaka ya 1880 mmoja wa wachungaji wa Kimethodisti katika nchi hii alikuwa W. H. During, Mwafrika kutoka Sierra Leone, nchi ambayo Freetown yake ilijengwa na watu waliotolewa utumwani. Yafaa kuliweka jambo hili moyoni: katika kanisa la watoro, mmoja wa wahubiri alitoka upande wa pili wa Afrika, katika mji wenye historia ya namna ile ile.

Mambo yalifikia ukomo mwaka wa 1888. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imepewa mamlaka katika ukanda wa pwani, na mkuu wake, George Mackenzie, alikuta wenye watumwa wa Mombasa wakiwa na hasira juu ya watoro waliojaa katika vituo. Alikata shauri la kuwalipa fidia ili watoro wapewe uhuru. Walipohesabiwa katika vituo vyote walikuwa zaidi ya 1,400, na hati za uhuru zikatolewa mwanzoni mwa mwaka wa 1889. Wengi wao walikuwa Rabai, lakini mamia walikuwa katika vituo vya Wamethodisti.

Tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Wamisionari hawakuwa na shauri moja. Wengine walipokea watoro kwa siri, wengine waliogopa, wengine waliwarudisha. Wala uhuru wa kituoni haukuwa uhuru usio na sheria, kwa kuwa kituo kilikuwa na kengele yake, kazi zake na adhabu zake. Hata hivyo, tukumbuke lile neno gereza. Mahali ambapo jina la kale la kanisa lilikuwa limegeuka kuwa jina la kifungo, kanisa dogo la udongo lilikuwa mahali ambapo mtu aliyefungwa alikimbilia. Aliyevuka uwanja wake usiku hakuuliza kama kuta ni za mawe au za fito.

5. Lugha ya ndani

Sasa twaweza kuliangalia swali la lugha. Wamisionari wa kwanza walidhani kwamba lugha ya kazi yao katika vilima itakuwa ile waliyoiita Kinyika. (Jina Wanyika lilikuwa la dharau, na katika karne ya 20 wenyewe walijiita Mijikenda.) Krapf alitafsiri Injili ya Luka katika lugha hiyo, ikachapishwa Bombay mwaka wa 1848. Wakefield alikuwa na Kioromo chake. Hakuna hata mmoja wa mipango hii miwili uliokuwa wa upuuzi. Kila mmoja ulifuata watu waliokusudiwa.

Lakini waliokusudiwa hawakuwa ndio waliokuja. Katika baraza la Ribe au la Jomvu, Myao aliketi karibu na Mnyasa, Mmakua karibu na Mribe, na mbele yao amesimama Mwingereza au mtu wa Sierra Leone. Lugha ambayo wengi wao walikuwa wameipata, wakati mwingine kwa uchungu, katika misafara na katika mashamba, ilikuwa Kiswahili. Kwao ilikuwa lugha ya kuamriwa. Kanisani ikawa lugha ya kuulizana habari, ya kuimba na ya kuandika jina. Kwa maoni yetu hii ni sababu ya ndani iliyo kubwa kuliko uamuzi wo wote wa halmashauri za Ulaya. Kiswahili kilishinda katika nyumba hizi kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kabila moja aliyeweza kudai kwamba nyumba ni yake.

Kiswahili hicho kilikuwa cha Mvita. Watu walisema nti, si nchi; ndia, si njia; na mtu alipoitwa aliambiwa ndoo, si njoo. Kamusi ya Krapf imeyahifadhi mengi ya maneno hayo, na Waanglikana wa Mombasa walikuwa na tafsiri yao ya Maandiko kwa lahaja hiyo. Upande wa pili, Unguja, Askofu Edward Steere alikuwa ametoa kitabu chake cha sarufi mwaka wa 1870, na Biblia nzima kwa Kiunguja ikatoka mwaka wa 1891. Mwaka wa 1928 mkutano wa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu. Halmashauri ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaundwa mwaka wa 1930. Na Biblia ya Muungano ikatoka mwaka wa 1952. Kwa hiyo mwana wa Ribe alisikia lahaja moja kwa bibi yake na lahaja nyingine kutoka mimbarini, katika kanisa lile lile. Mabadiliko ya jengo kutoka makuti kwenda bati, na ya kitabu kutoka Kimvita kwenda Kiunguja, yalifanana: yote mawili yaliondoa kazi ya mikono ya mahali, yakaleta kitu kimoja kinachofanana kila mahali.

Kwa upande wa utawala, kundi lililotuma wamisionari wa Ribe liliungana na mengine mwaka wa 1907, na tena mwaka wa 1932, likawa Kanisa la Methodisti la Uingereza. Kanisa la Methodisti la Kenya lilipata kujitawala mwaka wa 1967, na mwaka wa 2012 lilitimiza miaka 150 tangu kuanza kwake Ribe. Msitu wa Kaya Ribe nao, pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2008. Nyumba iliyokataa jina la moro na msitu uliokuwa na moro, vyote viwili sasa vyahesabiwa kuwa urithi.

6. Kuipima hoja kwa Mbulu

Turudi Mbulu. Hapa hali ni kinyume cha Ribe karibu katika kila jambo. Waliojenga makanisa ya kwanza hawakuwa Wamethodisti. Wakatoliki wa shirika la Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe, walifika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mbulu ikawa jimbo la kimisioni la peke yake mwaka wa 1943 na dayosisi kamili mwaka wa 1953, chini ya Askofu Patrick Winters. Walutheri wa Norway walikuja baada ya China kufungwa kwao, mwishoni mwa miaka ya 1940, nao wakafungua hospitali ya Haydom mwaka wa 1955. Hawa hawakuwa njiani kwenda kwingine. Na walioingia katika makanisa yao hawakuwa watoro wa makabila mengi. Wengi wao walikuwa Wairaqw katika nchi ya Wairaqw.

Majengo pia yalikuwa na habari nyingine. Kwa hofu ya Wamasai, Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao ardhini, wakawaficha ng'ombe na watoto humo. Henry Fosbrooke alieleza nyumba hizo katika jarida la kumbukumbu za Tanganyika katika miaka ya 1950. Nyumba njema ilikuwa ile isiyoonekana. Kanisa, kwa kinyume, hujengwa ili lionekane: huwekwa mahali pa juu, huwekewa msalaba, na kengele yake huita watu kutoka mbali. Kwa watu waliozoea usalama wa kujificha, hiyo ilikuwa fikira mpya ya nyumba, nayo haikuwezekana ila baada ya hofu ya mashambulio kupungua.

Wala Wairaqw hawakukosa maneno ya sala. Wanaye Looaa, ambaye jina lake ni la jua na ambaye husemwa kwa jinsi ya kike, na wanayo slufay, sala ndefu ya baraka isemwayo na mzee mmoja huku wengine wakiitikia. Mwenye kusikia slufay hawezi kusema kwamba watu hawa walihitaji kuazima lugha ya kumwombea Mungu. W. H. Whiteley, aliyeshughulika sana na uchunguzi wa Kiswahili katika Afrika ya Mashariki, alitoa maelezo ya Kiiraqw mwaka wa 1958, na Maarten Mous akatoa sarufi yake kamili mwaka wa 1993. Kwa hiyo elimu ya lugha hii haikukosekana.

Basi kwa nini Kiswahili? Hoja yetu ya Ribe, ikitumiwa kama ilivyo, haitoshi. Hapa Kiswahili hakikuja kwa sababu waumini walikosa lugha ya pamoja. Kilikuja kimekwisha kuwa kitabu. Kufikia wakati makanisa ya Mbulu yalipoanza kuongezeka, Walutheri wa bara walikuwa na Biblia ya Karl Roehl ya mwaka wa 1937, kisha ile ya Muungano ya mwaka wa 1952. Palikuwa na vitabu vya nyimbo, katekisimu na walimu waliofunzwa kwa Kiswahili. Kuandika Kiiraqw kulitaka maamuzi magumu juu ya sauti ambazo herufi za kawaida hazina: tl, sl, hh, q, na ile sauti ya kooni iandikwayo kwa mstari wa mshazari. Jina lenyewe la Hhaydom liliandikwa Haydom, kwa herufi moja pungufu. Agano Jipya la Kiiraqw lilichapishwa katika miaka ya 1970, wakati Kiswahili kilipokuwa kimekwisha kushika shule, mahakama na mikutano ya vijiji vya ujamaa.

Kwa hiyo twapaswa kurekebisha neno letu. Lugha ya kanisa la shamba huamuliwa na waliomo ndani ya nyumba, mradi nyumba na kitabu vinaanza pamoja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ribe. Mahali ambapo kitabu kimetangulia, kitabu huchagua lugha, na waliomo huifuata, wakiiacha yao ifanye kazi nje ya mlango: katika salamu, katika matanga, katika nyimbo zisizoandikwa. Kiswahili chenyewe kilichoingia Mbulu kama kitabu kilikuwa kimepata nguvu yake ya kwanza ya kikanisa katika nyumba kama ile ya Ribe, midomoni mwa watu waliokuwa wamenyang'anywa lugha zao. Mwiraqw asomaye Injili kwa Kiswahili asoma katika lugha ambayo watoro wale walisaidia kuifanya lugha ya kanisa.

7. Kazi iliyobaki

Historia za makanisa makubwa ya mijini zimeandikwa. Za makanisa ya shamba zimo zaidi katika vichwa vya wazee na katika majengo yenyewe, na vyote viwili vyapungua kila masika. Mtafiti afikaye katika kanisa la kijiji, liwe Kilifi au Mbulu, na aulize mambo manne yaliyo rahisi: nyumba ya kwanza ilikuwa ya nini na nani waliikandika, ilijengwa upya mara ngapi, sehemu zake zaitwaje kwa lugha ya mahali na kwa Kiswahili, na mahubiri ya kwanza yanayokumbukwa yalikuwa ya lugha gani. Majibu ya swali la tatu huwa na manufaa makubwa kwa wanaotunga kamusi, kwa kuwa fundi wa kijiji huwa na jina la kila kipande cha paa, na majina hayo hufa siku bati lipandishwapo.

Swali la nne lina uzito mwingine. Mzee wa Kiiraqw akisema kwamba mahubiri ya kwanza aliyoyasikia yalikuwa ya Kiswahili na kwamba hakuyaelewa, neno lake lastahili kuandikwa kwa uangalifu ule ule tunaouweka katika barua za wamisionari. Vivyo hivyo, mjukuu wa mtoro akikumbuka neno moja la Kiyao ambalo bibi yake alilisema wakati wa sala, neno hilo ni sehemu ya historia ya Kiswahili, hata kama halimo katika kamusi yo yote.